Kiu ya Aliyezama

Msikilizaji, kama uko shambani na redio umeitundika kwenye tawi, iache hapo hapo. Kama uko jikoni, punguza kidogo moto wa mboga, vuta kigoda, tuzungumze. Jioni hii nina habari ya ua moja, ya mizizi yake, na ya ndoo moja ya rangi iliyokuwa barazani kwa shangazi yangu kule Mitundu.

Nianze na Mitundu yenyewe. Ukifika Itigi, pale inapopita reli ya kati, ukashika barabara ya kwenda Rungwa, ile inayoendelea mpaka Makongolosi na Mbeya, utapita nyika iliyosongamana, vichaka vya Itigi ambavyo mtu akiingia bila panga hutoka bila shati. Halafu nchi inafunguka, miti inakuwa mirefu, na hapo umeingia kwenye miombo. Wanyamwezi wana mti wanaouita mtundu. Wataalamu huuita Brachystegia spiciformis, na ni mmoja wa miti mikubwa ya miombo. Ukinitajia Mitundu, sikio langu husikia miti hiyo ikiwa mingi. Shangazi hucheka. Anasema wageni wote hudhani kijiji kimejaa watoto watundu.

Mvua ya huko ni ya msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, ikifika Aprili inaaga. Kuanzia hapo ni kiangazi kitupu, miezi sita au saba. Miti inapukutisha majani, upepo unageuka vumbi, na mbuzi wanaanza kutazama paa za nyasi kwa jicho la tamaa.

Na katika miti hiyo mikavu, kwenye panda la tawi, juu kabisa ya kichwa chako, kuna mmea ambao mpita njia huudhania kiota kilichohamwa. Ni tita la mashina manene yenye pingili, kama miwa midogo, na chini yake kuna rundo la mizizi myeupe. Mizizi mingine haishuki. Imesimama, ncha zimeelekea juu kama sindano. Majani makavu yakidondoka hunaswa humo, yanaoza polepole, na mmea unakula. Hauna shamba lakini una jaa lake la mboji. Wakati wake ukifika hutoa maua ya manjano yenye madoa ya kahawia, kama ngozi ya chui, na ndiyo maana Waingereza huuita okidi ya chui. Watu wengi huudhania kupe wa miti, anayemfyonza mwenye nyumba. Hapana. Umepanga tu, na kodi hailipwi kwa sababu hakuna kinachochukuliwa. Maji yake ni ya mvua, chakula chake ni takataka.

Kitabuni unaitwa Ansellia africana. Jina hilo limetokana na Mwingereza John Ansell, aliyeukuta mwaka 1841 kwenye kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo kinaitwa Bioko, huko Guinea ya Ikweta. Aliyeliandika jina hilo rasmi mwaka 1844 ni John Lindley. Mshike huyo Lindley, msikilizaji. Nitamrudia, maana na yeye ana deni katika habari hii.

Basi jirani wa shangazi, mzee mmoja mrina asali, alikuta mti umeanguka na okidi yake. Kuiacha pale ilikuwa ni kuiachia moto wa kusafishia mashamba, akaibeba begani pamoja na mzinga, akampelekea shangazi zawadi. Shangazi ni mtu wa mkono mpole. Akatafuta ndoo ya rangi iliyokwisha, akaijaza udongo mweusi aliouchota bondeni, akachanganya na samadi iliyoiva, akalishindilia tita lile mpaka mizizi yote ikafichika. Akamwagia maji. Jioni akamwagia tena. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shangazi siku ya tatu alimpa kikombe cha tatu.

Wiki zilipopita majani yakalegea. Yale mashina yaliyokuwa yamejaa yakaanza kufinyaa, yakawa na mikunjo kama vidole vilivyokaa sana kwenye maji ya kufulia. Shangazi akaona kiu. Akaongeza maji. Majani yakazidi kulegea. Akaongeza tena. Nilipomtembelea, baada ya shikamoo na marahaba, jambo la kwanza aliloniambia ni hili: "Mwanangu, hili ua lina kiu ya ajabu. Linakunywa kuliko ng'ombe, na bado linakauka."

Msikilizaji, kauli hiyo ndiyo iliyonifanya nije mbele ya kipaza sauti leo. Linakunywa, na bado linakauka. Sikuwa na jibu. Tulimwita mzee wa asali. Akaja, akaketi, akaitazama ndoo bila kuigusa, kisha akauliza swali moja tu: "Mama, huyu alipokuwa kule juu ya mti, nani alikuwa anamnywesha jioni?"

Tukanyamaza. Mzee akaipindua ndoo.

Harufu iliyotoka ni ile ya shimo la maji lililosahaulika. Udongo ulikuwa umeshikamana kama tofali bichi, na kumbe chini ya ndoo hapakuwa na tundu hata moja. Nilishika mzizi mmoja, nikauvuta kidogo. Ngozi yake ikavuka yote, kama unavyovua soksi, ikabaki kamba nyembamba kama uzi wa katani. Mwingine hivyo hivyo. Katika rundo lile zima, mizizi iliyokuwa migumu chini ya vidole haikuzidi sita. Ua la shangazi lilikuwa na kiu kweli. Lakini lilikuwa na kiu kwa sababu lilizama.

Nieleze jinsi mtu anavyoweza kufa kwa kiu ndani ya maji. Mzizi, msikilizaji, unapumua. Unahitaji oksijeni kama wewe na mimi, ili upate nguvu ya kuvuta maji na kuyapandisha. Katika udongo wenye vinyweleo, hewa inapita kati ya chembe na chembe. Ukijaza maji kila kinyweleo, hewa inafungiwa nje, kwa kuwa oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mno: karibu mara 10,000 polepole kuliko inavyosafiri hewani. Mzizi unakosa pumzi, unadhoofika, unakufa. Ukishakufa hauwezi kuvuta hata tone, ijapokuwa tone limeuzunguka pande zote. Huku juu majani yanaendelea kupoteza maji kwenye jua na upepo, na chini hakuna anayeleta mengine. Yanalegea. Mwenye ua anaona majani yaliyolegea na anafanya lile ambalo moyo mwema hufanya. Ndiyo maana ugonjwa huu ni mjanja: dalili yake ya juu inaomba kile kile kilichouleta.

Kwa okidi za mitini jambo hili ni zito zaidi kuliko kwa mahindi, kwa sababu ya umbo la mizizi yake. Ule weupe unaouona kwa nje ni koti la seli zilizokufa, tupu ndani, mfano wa sifongo. Mvua ikipiga, koti hilo hunywa maji kwa haraka sana, na linageuka kuwa la kijani kwa sababu rangi ya ndani inaonekana. Mvua ikipita, linakauka na kurudi weupe wa fedha. Limeumbwa kwa maisha ya shangwe fupi na saumu ndefu. Ukilizika kwenye tope, sifongo halikauki kamwe. Linakuwa bandeji mbichi iliyofungwa kwenye kidonda usiku na mchana.

Halafu wanakuja waharibifu. Tumezoea kusema ukungu, au fangasi, na kweli wamo: Fusarium yumo, Rhizoctonia yumo. Lakini wako wawili, Pythium na Phytophthora, ambao kwa sura ni ukungu, kwa ukoo wako karibu zaidi na miani ya majini. Hao vijimbegu vyao vina mikia. Vinaogelea. Nakuambia jambo lenyewe, si mfano: kijimbegu kinatoka kwenye mzizi ulioathirika, kinapiga mkia ndani ya maji yaliyotuama kati ya chembe za udongo, kinanusa mzizi mwingine, kinaufuata, kinaupenya. Maji yakikosekana hakina njia. Kila kikombe ambacho shangazi alimwaga jioni kilikuwa ni barabara aliyomtengenezea mwizi.

Usimcheke shangazi, maana amefuata nyayo za wakubwa. Turudi kwa Lindley. Mwaka 1830, huko London, mtaalamu huyo aliyekuja kuipa okidi yetu jina lake alitoa ushauri wa namna ya kulea okidi za nchi za joto: joto kali, kivuli kizito, unyevu mwingi. Alisikia kwamba zinatoka msituni Afrika, Asia na Amerika, akaupiga picha msitu huo akilini mwake kama chungu kinachochemka. Matajiri wa Uingereza wakajenga nyumba za vioo, wakaziba kila upenyo, wakawasha majiko, wakamwagilia. Okidi ziliteremshwa melini kwa maelfu na kufa kwa maelfu. Aliyesaidia kugeuza mambo ni mtunza bustani Joseph Paxton, aliyekuwa akimtumikia mwenye kasri la Chatsworth katika miaka ya 1830. Paxton alifungua madirisha. Alipunguza joto, akaruhusu hewa ipite, akaacha mizizi ikauke kati ya maji na maji. Okidi zikaishi. Taarifa za waliozikusanya nazo zikaanza kusomwa vizuri: nyingi ya okidi hizo zilikuwa zimeshikilia matawi yanayopigwa na upepo, nyingine kwenye milima ya baridi. Kwa maneno mengine, ilichukua miaka na fedha nyingi kulifikia swali ambalo mzee wa asali aliliuliza barazani kabla ya kunywa chai.

Sasa tiba. Chukua kalamu kama unayo.

La kwanza ni kuacha maji. Usiongeze hata kijiko. Kama huna hakika, nyanyua chombo kwa mkono: kikiwa kizito na majani yamelegea, tatizo haliko kwenye kiu. Kikiwa chepesi na mizizi ni migumu na myeupe, hapo mpe maji, kiu yake ni ya kweli.

La pili, utoe mmea wote, ukung'ute, uoshe mizizi kwa maji safi, kisha ukague kwa vidole. Usiamini macho peke yake. Mzizi unaweza kuwa na rangi ya kahawia kwa sababu ya udongo tu na bado ukawa mzima. Bonyeza: ulio hai hukataa, ulio mfu hukubali na kutoa maji, au ngozi yake inavuka kama nilivyokueleza.

La tatu, kata. Tumia wembe mpya au kisu kilichopitishwa motoni kikapoa, au kilichosuguliwa kwa spiriti. Kata kila kilichooza mpaka ufike penye nyama nyeupe. Usione huruma, mzizi uliooza haufufuki, unaambukiza tu. Angalia na pale shina linapoanzia. Ukikata ukaona duara la zambarau ndani, huyo ni Fusarium, ameingia kwenye mishipa. Endelea kukata kuelekea sehemu nzima mpaka zambarau iishe, na kila baada ya mkato pitisha kisu motoni tena. Ukimaliza, mabaki yachome au yafukie mbali. Usiyatupe kwenye mboji ya bustani.

La nne, kausha. Paka unga wa mdalasini kwenye vidonda, ule ule wa pilau. Unakausha na unazuia ukungu. Lakini uupake kwenye kidonda tu, kwa sababu mzizi mzima nao utakaushwa ukazeeka kabla ya siku zake. Kisha mmea ulaze kivulini, penye hewa, siku moja au mbili. Najua itakuuma kuuona umelala bila udongo wala maji. Kumbuka umetoka kwenye tawi. Hewa ni kwao.

La tano, makazi mapya. Udongo basi. Tumia vipande vya mkaa vya ukubwa wa kidole gumba, magome makavu ya mti, vigae vya chungu au tofali la kuchoma lililovunjwavunjwa. Watu wa pwani wana makumbi ya nazi. Sisi wa bara mkaa unatutosha, na magome kule Mitundu hayahitaji nauli. Chombo kitobolewe chini na ubavuni. Kama una mti uani, chaguo bora ni kufunga mmea moja kwa moja kwenye gome kwa kitambaa cha khanga iliyochakaa, upande usiopigwa na jua la saa nane mchana.

La sita, subiri. Pitisha kama wiki moja kabla ya kunyunyiza maji, na ukinyunyiza iwe asubuhi, ili jua la mchana likaushe kilichobaki kwenye majani na kwenye machipukizi. Baadaye fuata mwendo wa mvua yenyewe: lowesha kabisa, maji yachuruzike yaishe, kisha acha ikauke. Mbolea weka kando mpaka mizizi mipya itokee. Mgonjwa wa tumbo hapewi ugali wa mtama siku ya kwanza.

Neno kuhusu maji yenyewe. Mkoa wetu wa Singida una maji mengi ya kisima yenye chumvi. Mjini hata ziwa, Singidani, ni la chumvi. Maji hayo yakikauka kwenye chungu huacha utando mweupe, na chumvi hiyo huunguza ncha za mizizi, na ncha iliyoungua ni mlango wa ukungu. Maji ya mvua uliyokinga kwenye pipa ndiyo dawa. Ukikosa, angalau mara moja moja mwagia mengi yapite moja kwa moja, yaondoke na chumvi iliyojikusanya.

Utaniuliza, na dawa ya dukani je? Zipo, na zina kazi yake. Lakini kumbuka nimekutajia maadui wa koo mbili. Dawa inayomuua anayeogelea huenda isimguse Fusarium, na kinyume chake. Salfa inayopulizwa kwenye mikorosho ya Manyoni ni ya ubwiri unga, ugonjwa wa majani na maua. Haitaokoa mzizi uliokaa topeni. Nenda kwa bwana shamba na mzizi wenyewe mkononi, au duka la pembejeo, soma maelezo, vaa glavu. Na kama chombo bado hakina tundu, okoa fedha yako, maana dawa itaoza pamoja na mgonjwa.

Msikilizaji, sasa nataka nikuchanganye kidogo. Nimewasema ukungu vibaya kwa robo saa. Lakini bila ukungu, okidi ile isingekuwapo. Mbegu ya okidi ni vumbi. Karibu haina akiba ya chakula. Ukipasua tumba moja, upepo unabeba mbegu zisizohesabika, na karibu zote zinapotea. Inayoota ni ile iliyotua penye ukungu fulani, ukaingia ndani yake na kuilisha mpaka iwe na jani lake. Jambo hilo liligunduliwa mwaka 1899 na Mfaransa kijana, Noël Bernard. Baadaye, mwaka 1922, Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu hizo zinaweza kuoteshwa kwenye chupa kwa sukari na madini bila ukungu, na kutokana na hapo ndipo okidi zikaanza kuzalishwa kwa wingi mpaka zikafika kwenye maduka ya maua ya Dar es Salaam. Na hao ukungu walezi, wengi wao ni wa kundi lile lile la Rhizoctonia, ambalo ndugu zake wengine huozesha mizizi. Mlezi na muuaji wametoka ukoo mmoja, na sehemu ya kinachoamua nani atawale ni hewa na maji.

Labda unasema: mimi sina okidi, nina nyanya. Vizuri. Yule kinyausi anayelaza miche yako kitaluni, shina likinyongeka pale linapogusa udongo, ni kazi ya maadui hao hao. Tiba yake inaanza na kupanda kwa nafasi, tuta lililoinuka na mkono usiomwagilia ovyo. Na ukienda Kagera utakuta okidi inayolipa ada za shule. Wengi hawajui kwamba vanila ni okidi, mtambaazi ambao mizizi yake inapita juu juu kwenye matandazo ya majani. Ugonjwa wake unaoogopwa kuliko yote ni huu wa kuoza mizizi, na mhusika ni Fusarium oxysporum. Mizizi ya chini ikifa, mmea unajitetea kwa kushusha mingine kutoka juu kwenye shina. Nayo ikigusa ardhi ile ile, inaoza. Shina linafinyaa taratibu kama la ua la shangazi. Mkulima aliyefika hapo hana cha kumwaga kitakachorudisha mizizi. Anakata sehemu nzima iliyo juu, anaipanda pengine, penye matandazo mapya na mahali ambapo maji hayasimami.

Lakini si kila okidi ni ya mtini, nisije nikakupoteza. Uwanda wa Kitulo, ule unaoitwa Bustani ya Mungu, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, una okidi nyingi za ardhini, zenye viazi chini. Viazi hivyo vimechimbwa sana na kuvushwa Zambia, ambako hupikwa chakula kinachoitwa chikanda. Hizo zina utaratibu wao. Ukizing'oa hazitakufa kwa maji yako. Zitakufa kwa jembe lako. Za mitini nazo usiende kuzibandua kwenye miti iliyosimama. Chukua iliyoanguka, kama alivyofanya mzee, na ujue kwamba kuvusha mpaka okidi ya porini bila kibali ni kosa chini ya mkataba wa CITES.

Turudi barazani. Siku ile mzee alikata, mimi nikashika taa ya kibatari ya kupitishia wembe, shangazi akaleta mdalasini huku akinung'unika kwamba pilau ya Idi itakosa ladha. Katika mashina kumi na moja yalibaki manne. Mizizi ikabaki mitano, kwa sababu mmoja wa ile sita tuliokuwa tumeutegemea ulikuwa umeoza kwa ndani. Tukalifunga tita kwenye mwembe wa uani, upande wa mashariki, kwa kipande cha khanga. Shangazi aliomba ruhusa ya kumwagia "kidogo tu, ya kuagana." Mzee akamwambia, "Mama, mwache apumue kwanza."

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Mwezi wa kwanza hakuna kitu. Mashina yakazidi kufinyaa, na shangazi akanipigia simu kunilaumu. Mwezi wa pili vivyo hivyo. Mvua za Desemba zilipoanza alipiga tena, na safari hii hakusalimia. Alisema chini ya shina la pili kumetokea kitu kama jino la mtoto, cheupe, ncha yake ya kijani. Kilikuwa kimeelekea kwenye gome la mwembe. Siku chache baadaye kikaligusa, kikaambaa nalo.

Nilimuuliza kama alikuwa amelimwagia maji. Akanijibu kwamba mvua ilikuwa inanyesha, alikuwa ameketi barazani, anaitazama. Na ile ndoo ya rangi? Haina tundu, akasema, na maji yake hayapotei. Amewawekea kuku.